Njia ya Inka hadi Machu Picchu: ushauri wa mtoto wa mpagazi

Asubuhi ya kwanza, pale Kilomita 82, njia inapoanzia, kabla sijaona jiwe hata moja lililochongwa na Wainka, niliona mizani. Iko kando ya reli, jirani na geti la kuingilia, na wanaume walikuwa wamepanga foleni mbele yake, kila mmoja na furushi lililofungwa kwa turubai la bluu na kamba. Mzigo unapandishwa, ofisa anasoma, anaandika, anapunga mkono, anakuja mwingine. Nilisimama nikitazama hadi kiongozi wetu akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.

Sikuwa najisikia vibaya. Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Baba yangu alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka kumi na tisa, na nyumbani kwetu mizani ya getini ilizungumzwa kama wakulima wanavyoizungumzia mvua: leo imekuwaje, nani amezidisha, nani amerudishwa. Nilikuwa nimevuka bahari na kutumia akiba ya miaka mitatu ili nikaione Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka nchini Peru, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa cha nyumbani.

Tangu nirudi, ndugu na marafiki wananiuliza maswali yaleyale kuhusu safari hii, nami nimeona niyajibu yote hapa. Nitakaa zaidi kwenye yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Kwanza kibali. Njia ya Inka ya siku nne, kutoka Kilomita 82 hadi Machu Picchu, ina urefu wa kilomita 43 hivi, na serikali ya Peru inaruhusu watu 500 tu kuingia kwa siku. Usiifurahie hiyo namba haraka. Ndani yake wamo viongozi, wapishi na wapagazi, kwa hiyo wageni hubaki kama 200. Kwenda peke yako hairuhusiwi. Lazima upitie kampuni yenye leseni na utembee na kiongozi mwenye leseni. Kiangazi chao ni Mei hadi Septemba, na nafasi za miezi hiyo huisha mapema mno. Mimi nilitembea Mei, nililipa Oktoba ya mwaka uliotangulia, na hata hivyo tarehe niliyoitaka niliikosa. Februari njia hufungwa mwezi mzima kwa matengenezo. Januari ipo wazi, lakini mvua yake ni ya masika kamili, na ngazi za mawe zilizolowa si mahali pa kujaribia bahati.

Kibali huandikwa jina lako na namba ya pasipoti, na hakiwezi kuhamishiwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipopata presha. Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kuisha muda, nikaibadilisha baada ya kulipia safari. Nikawa na namba mpya mkononi na kibali chenye namba ya zamani. Niliwaandikia kampuni mara moja, wakaniambia nije na pasipoti zote mbili. Getini ofisa aliziweka mezani sambamba, akalinganisha herufi kwa herufi, akagonga muhuri. Ile ya zamani kama ningeiacha kabatini Moshi, safari ingeishia pale relini. Kama unajua utabadilisha pasipoti, ibadilishe kabla ya kulipia. Habari za viza ziulizie ubalozini mapema, na uangalie pia tiketi yako inapita wapi: tiketi ya bei nzuri inayopitia Marekani itakudai viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani.

Sasa mwinuko. Mji wa Cusco, ambako kila mtu anaanzia, uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hesabu ni hii: kambi ya Mandara iko mita 2,700, ya Horombo mita 3,720. Kutoka Lima, mji wa pwani, ndege inakufikisha Cusco kwa muda wa saa moja na ushee. Ni kama mtu akuchukue Dar es Salaam asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana awe ameshakuweka jirani na Horombo, hujapita msituni, hujalala Mandara, na mwili haujapewa taarifa.

Nililijua hilo, ila nilijipa moyo kwamba aliyekulia mlimani atastahimili. Marangu si Horombo. Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma kama kimebanwa na kamba, niliamka mara tatu nikitafuta pumzi, na asubuhi chai tu ndiyo iliyopita kooni. Mama mwenye nyumba ya wageni aliniletea kikombe cha majani ya koka na kingine cha muña, mmea wao wenye harufu ya mnanaa, kisha akanielekeza kwa mkono: shuka bondeni. Nikashuka. Ollantaytambo iko mita 2,800 hivi, na baada ya kulala siku mbili nilikuwa mtu mzima tena.

Kwa hiyo usifanye kama mimi. Ukitua Cusco, usilale Cusco. Panda gari palepale uwanjani ushuke Bonde Takatifu, iliko Ollantaytambo, lala siku mbili, kisha ndipo upande kuitazama Cusco kwa raha kwa siku nyingine mbili. Kunywa maji, kula kidogo, pombe iache hadi umalize kutembea. Kama unafikiria vidonge vya mwinuko, mwone daktari kabla ya kuondoka. Na yale majani ya koka, ambayo kule huuzwa sokoni kama mchicha, usiyaweke kwenye begi la kurudia nyumbani. Nje ya kule nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya.

Zile siku mbili za Ollantaytambo hazikupotea. Ni mji ambao watu bado wanaishi kwenye mitaa iliyopangwa na Wainka, maji yakipita kwenye mifereji ya mawe milangoni mwao. Juu yake iko ngome ambako Manco Inka, mfalme wa Wainka, aliwashinda Wahispania mwaka 1537, na katikati ya ngome yamesimama mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, marefu kumzidi mtu mara mbili. Machimbo yake yako ng'ambo ya mto, juu kwenye mlima wa pili. Wainka hawakuwa na chuma, hawakutumia gurudumu, hawakuwa na mnyama wa kukokota mzigo mzito. Yalishushwa, yakavushwa mto, yakapandishwa kwa kamba na mabega ya watu. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Nililiwekea mkono moja la namna hiyo kando ya njia. Nilimfikiria aliyekuwa ameshika kamba siku waliyoambiwa basi, liacheni hapo.

Cusco yenyewe usiipite mbio. Nenda Qorikancha, lililokuwa hekalu la jua. Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa juu ya kuta zake. Mwaka 1950 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu kubwa ya majengo ya Wahispania mjini, na kuta za Wainka zilizokuwa chini yake zikabaki zimesimama. Sababu unaiona kwa macho: ukuta umeinamia ndani kidogo, milango ni mipana chini na myembamba juu, na mawe yameshikana bila udongo wala saruji, kila moja limechongwa kumfuata jirani yake. Katika mtaa wa Hatunrumiyoc kuna jiwe lenye pembe kumi na mbili. Hapo pana mlinzi, usiliguse. Lakini kwenye ukuta mwingine, mtaa usio na watu, nilijaribu kupenyeza ukucha kwenye kiungo. Haukuingia.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike: kuchagua kampuni. Ukitafuta intaneti utakutana na kampuni nyingi mno, picha zote zinafanana, na bei zinapishana sana. Njia ni ileile, magofu ni yaleyale, kibali kinatolewa na serikali ileile. Ukiona bei imeshuka kupita wenzake, jiulize imepunguziwa wapi. Mara nyingi imepunguzwa kwa mpagazi: kwenye malipo yake, chakula chake, mahali pake pa kulala. Peru ina sheria ya wapagazi tangu 2001, kikomo cha mzigo ni kilo 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe, na kwa wapagazi wanawake ni pungufu ya hapo. Ni kilo 20 zilezile za Kilimanjaro. Lakini mizani inapima mzigo tu. Haipimi kama mtu amekula wala kama atalala pakavu.

Kabla sijalipa niliziandikia kampuni nne maswali yaleyale. Wapagazi wanalala wapi, na je, hema lina sakafu? Wanakula chakula gani, kabla yetu au makombo yetu? Mnawapa magodoro na mabegi ya kulalia, au kila mtu na blanketi lake? Wana bima? Viatu? Moja haikujibu kabisa. Moja ilinijibu kwamba nisihangaike, wale ni watu wa milimani wamezoea. Sentensi hiyo nimeisikia tangu utotoni ikisemwa kuhusu baba yangu, na niliifunga barua pepe ile nisiifungue tena. Nyingine ilijibu kwa ufupi. Ya nne ilinieleza kila kitu, pamoja na jina la kijiji ambako wapagazi wao wengi wanatoka. Nilikwenda na hiyo, ingawa ilinibidi niongeze akiba ya miezi miwili.

Na wewe una wajibu wako. Begi unalompa mpagazi lina kikomo, kwetu kilikuwa kilo saba pamoja na begi la kulalia na godoro jembamba, yaani nguo zako ni kilo tatu au nne. Amini kwamba zinatosha. Suruali mbili, fulana tatu za kukausha haraka, sweta zito, koti la mvua, kofia ya jua na ya baridi, glavu, soksi nyingi kuliko unavyodhani. Tochi ya kichwani. Fimbo mbili za kutembelea, ambazo ncha zake lazima ziwe na mpira ili zisichimbe mawe, na getini wanaangalia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi; beba chupa ya kudumu. Vyoo vya njiani ni vya kuchuchumaa, sisi hatushangai.

Siku ya kwanza ni ya kuzoeana. Unavuka daraja juu ya mto Urubamba, unafuata bonde, na mchana unatokea juu ya Patallaqta, mji mzima wa matuta ya kilimo uliojipinda pamoja na mto kama nyoka. Kiongozi wetu alitueleza kwamba chakula kilicholimwa pale kililisha waliokuwa wakisafiri kwenye njia. Jioni tukafika Wayllabamba, mita 3,000, na hapo ndipo nilipowaona wapagazi wetu kwa utulivu.

Walikuwa kumi na sita kwa wageni wanane. Wengi ni wakulima wa viazi na mahindi. Lugha yao ya kwanza ni Kiquechua, Kihispania wamejifunza shuleni na kazini, kama baba yangu na Kichaga chake na Kiswahili chake. Nilikuwa nimejifunza kusalimia. Nikasema, "Allillanchu." Kicheko kikapita kambi nzima, kisha wakaitikia pamoja, "Allillanmi." Jifunze neno hilo na neno la kushukuru, sulpayki. Yatakufungulia nyuso za watu kwa siku nne.

Mkubwa wao alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mfupi, shavu moja limevimba kwa majani ya koka. Miguuni alivaa katambuga. Namaanisha katambuga hasa, zile za tairi za gari, na mikanda ya mpira iliyopigiliwa misumari, kama zinavyouzwa sokoni Himo. Kampuni ilimpa viatu, aliniambia kupitia kiongozi, na viatu vimo ndani ya furushi; katika kupanda anataka vidole vyake vione njia. Alipofunga mzigo niliinama kutazama. Kamba aliipitisha chini ya turubai mara mbili, akaivuta kwa goti, akapiga fundo moja tu, ambalo hulegea ukivuta ncha upande mmoja na hukaza ukivuta upande mwingine. Nilimwomba ruhusa nikapiga picha ya lile fundo na ile miguu.

Siku ya pili ndiyo inayotisha watu. Unapanda kutoka mita 3,000 hadi Warmiwañusqa, mita 4,215, ambapo njia inavuka bega la mlima. Jina maana yake ni mwanamke aliyekufa, kwa sababu ukiwa chini kile kilima kinaonekana kama mwanamke aliyelala chali. Ushauri wangu wote wa siku hiyo ni maneno mawili ambayo wageni wa Kilimanjaro wanafundishwa siku ya kwanza getini, na sisi wenyewe tunayasahau: pole pole. Chagua mwendo ambao unaweza kuzungumza nao. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Vijana wawili wa kikundi chetu waliondoka kwa kasi, na saa mbili baadaye tuliwakuta wamekaa juu ya jiwe, mmoja anatapika. Kiongozi alikaa naye, akamnywesha maji, akampunguzia begi, wakapanda pamoja hatua kwa hatua.

Wengi wanafikiri wakifika juu kazi imekwisha. Magoti yako yatakwambia vingine. Kutoka Warmiwañusqa hadi kambi ya Pacaymayo unateremka mita 600 kwa ngazi za mawe, na hakuna ngazi mbili za kimo kimoja. Barabara hizi zilijengwa kwa miguu ya watu na ya lama, mnyama wao wa kubeba mizigo midogo. Mtandao wote, Qhapaq Ñan, ulipita kilomita 30,000, kutoka Kolombia ya leo hadi Chile na Argentina, na katika mtandao wote huo hakuna gurudumu lililopita. Mahali mlima ulipokuwa mkali hawakuzungusha barabara, waliweka ngazi. Wakimbiaji wao, chaski, walipokezana ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Shuka kimshazari, fimbo zitangulie, na usione haya kuwa wa mwisho.

Usiku ule Pacaymayo mvua ilinyesha, baridi ikakaribia kugandisha maji. Nilitoka kwenda chooni, nikapita kambi ya kampuni nyingine. Hema lao la kulia chakula lilikuwa limebaki wazi upande mmoja. Ndani wapagazi walikuwa wamelala chini kwenye nyasi zilizolowa, wamebanana kama viazi kwenye gunia, wengine wamejifunika turubai walilobebea mizigo. Hatua kumi kutoka pale wageni wao walikuwa ndani ya mahema mapya, juu ya magodoro. Sidhani kama wale wageni walijua, kwa sababu hema lile huwa tupu wakati wa kifungua kinywa na hakuna anayewaambia. Asubuhi nilimwambia kiongozi wetu, naye akasema ataripoti wakifika Cusco. Wewe unayesoma, usingoje kuambiwa. Siku ya kwanza usiku, washa tochi yako, nenda useme usiku mwema kwa wapagazi wako, na uangalie wamelalia nini.

Siku ya tatu ndiyo ndefu, na ndiyo ninayoiota. Asubuhi Runkuraqay, jengo la mviringo lililokaa kama kiota juu ya bonde. Kisha unavuka bega la pili la mlima, na mandhari yanabadilika: unaingia msitu wa mawingu, okidi zimening'inia kwenye miti, kuvumvu kila mahali, na njia chini ya mguu wako si ukarabati wa juzi, ni mawe yaleyale ya karne ya 15. Sayacmarca unaifikia kwa ngazi nyembamba kwenye ukingo wa jabali. Mbele kuna handaki walilolichonga kupita ndani ya mwamba. Phuyupatamarca, mji juu ya mawingu, kweli ulikuwa juu ya mawingu siku ile.

Lakini Wiñay Wayna ndiko nilikokaa hadi wakaniita. Wengi hufika pale wamechoka, wanalala kambini, na magofu yako dakika chache tu kutoka kwenye mahema. Usilale. Nenda jioni hiyohiyo. Ni matuta ya kilimo yaliyopinda kama mkono uliokumbatia mlima, na katikati msururu wa chemchemi za mawe zinashuka moja baada ya nyingine. Maji bado yanapita. Yanaanguka kutoka kwenye mlizamu mwembamba uliochongwa, yanajaa kwenye beseni ya mawe, yanatoka kwa tundu upande wa pili, yanashuka kwenye beseni inayofuata. Niliweka kiganja.

Kwetu Marangu tuna mifongo. Wazee waliichimba kutoka kwenye mito ya juu, wakayatembeza maji kwenye ukingo wa kilima kwa mteremko mdogo mno kiasi kwamba mgeni hudhani yanapanda, na kila ukoo una siku yake ya kufungulia. Babu yangu angeweza kuutazama mfongo ulioziba na kukwambia umeziba wapi kwa kusikiliza tu. Pale Wiñay Wayna nilimsikia. Machu Picchu penyewe, kesho yake, niliona mfereji unaoleta maji kutoka chemchemi ya mlimani, mita 749, kwenda kwenye chemchemi 16 zinazopokezana mjini. Waliotafiti uhandisi wake wanasema zaidi ya nusu ya kazi ya ujenzi haionekani, iko chini ya ardhi: misingi, na tabaka za mawe, kokoto na udongo zinazonyonya mvua ili mji usiteleze bondeni. Watu wanapiga picha za kuta. Mwombe kiongozi wako akuonyeshe maji.

Usiku huo wa tatu ndio wa kuagana na wapagazi, na hili hakuna aliyeniambia. Siku ya nne hawaendi nawe Machu Picchu. Wanakunja mahema gizani na kushuka kwa njia nyingine kuwahi treni ya alfajiri. Kwa hiyo bahshishi iwe tayari usiku wa tatu, kwa sol, pesa ya Peru, noti ndogondogo, na umpe kila mtu mkononi mwake huku ukimtazama. Sisi tulisimama duara. Mpishi alimimina chicha kidogo, pombe yao ya mahindi yaliyooteshwa, na kabla ya kunywa kila mmoja alimwaga tone chini kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi. Nikawaambia kwamba kwetu pombe yetu ni mbege, ya ndizi na ulezi uliooteshwa, na kwamba nasi wazee walimwaga chini kabla ya kunywa. Kiongozi alitafsiri kwa Kiquechua. Yule mzee wa katambuga akanimiminia tena.

Nilimuuliza ameingia Machu Picchu mara ngapi. Miaka ishirini anabeba. Alinyoosha kidole kimoja. Mara moja, na mwanawe, siku ambayo hakuwa kazini.

Tuliamshwa saa tisa usiku. Unakwenda kupanga foleni kwenye geti la mwisho, ambalo hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kutoka pale ni mwendo wa saa moja na nusu hivi hadi Intipunku, Lango la Jua. Watu wanakimbia. Huna haja, mji upo tangu enzi za Pachacuti, mfalme wa Wainka, hautaondoka. Tulipofika ukungu ulikuwa umejaa. Kwa karibu nusu saa hatukuona chochote, kisha ukapasuka kama pazia na Machu Picchu ikawa pale chini, kimya, ndogo kuliko nilivyodhani na kamili kuliko nilivyodhani.

Kiongozi alitukalisha akatusimulia habari ya 1911, Hiram Bingham kutoka Marekani, anayetajwa kuwa mgunduzi wa mji huu, alipoletwa na mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, akakuta familia zinalima kwenye matuta yaleyale. Miaka tisa kabla yake Agustín Lizárraga, mtu wa Cusco, alikuwa ameshaandika jina lake ukutani. Mimi nilisoma shule ambako tulifundishwa kwamba mmisionari Rebmann aliugundua Kilimanjaro mwaka 1848, na babu zangu wakiwa wanaishi juu yake. Nilimwambia kiongozi habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer kufika kileleni mwaka 1889. Akaliandika jina kwenye daftari lake.

Mchana, baada ya basi kutushusha Aguas Calientes, nilipata mtandao nikamtumia baba picha. Intipunku, jiwe la Intihuatana, kuta, lama anayekula nyasi. Moshi ilikuwa imeshafika usiku, lakini alikuwa macho akingoja. Akaniandikia, "Mungu mkubwa, mwanangu." Kisha akauliza, "Na wale waliobeba, wameingia?"

Nikamwandikia hapana, Baba, wameshuka gizani kuwahi treni.

Miaka kumi na tisa baba yangu alifika kambi ya Kibo mara nisizoweza kuhesabu, akangoja pale na mizigo wakati wageni wakipanda kilele cha Uhuru, akashuka nao. Hakujibu kwa muda. Nikamtumia ile picha ya mwisho, ya yule mzee, miguu na furushi na kamba. Niliona ameifungua. Baadaye sauti yake ikaja, ndefu ya sekunde nne.

"Hilo fundo," alisema, "mwambie amelifunga vizuri sana."